Kamba Ndiyo Inayokaza Kitanda

Anayejifunza useremala kwa mapenzi yake, si kwa kutafuta riziki, hufika mapema kwenye swali la mtindo: atengeneze samani ya namna gani? Wapenda useremala wengi wa Marekani watakutajia samani za Shaker, jumuiya ya kidini iliyotengeneza viti na makabati yasiyo na nakshi tangu mwishoni mwa karne ya 18, au samani nzito za Gustav Stickley za mwanzoni mwa karne ya 20. Wa Ulaya wataongeza viti vya Denmark, hasa kile alichokibuni Hans Wegner mwaka 1949, ambacho kikalio chake husukwa kwa kamba ya karatasi. Mitindo hiyo haifanani kwa sura, lakini yote haifichi maungio. Ukikitazama kiti unaona kilivyoshikana, na anayejifunza anaweza kukipima, kukielewa na kukirudia kwa mikono yake.

Kwa kigezo hicho, pwani yetu ya kusini, kuanzia Mikindani, kupita Bandari ya Mtwara hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, ina samani inayostahili kuwa ya kwanza kwenye orodha ya kila mpenda useremala: kitanda cha kamba. Wengi hukidharau kama kitanda cha uani au cha kuanikia nguo. Ukikichambua kifundi, utaona kimetatua kwa mbao chache tatizo ambalo vitanda vingi vya dukani hulitatua kwa skrubu, vyuma na gundi.

Vipande vinane, kazi mbili

Fremu ya kitanda cha kamba ina vipande vinane tu. Kuna matendegu manne, yaani miguu. Kuna mifumbati miwili, ile miti mirefu ya ubavuni. Kuna vitakizo viwili, kimoja upande wa mchagoni na kingine upande wa miguuni. Kila mfumbati na kila kitakizo huchongwa ulimi kwenye ncha zake, na kila tendegu hutobolewa matundu mawili ya kupokea ndimi hizo, moja kwa kila upande. Tendegu likikerezwa vizuri linapendeza, ila ukerezaji ni pambo. Kazi yenyewe iko pale ulimi unapoingia kwenye tundu.

Baada ya fremu kusimama huja kuwamba. Kamba huzungushwa mfumbati hadi mfumbati, na nyingine hupitishwa kitakizo hadi kitakizo, zikipishana juu na chini mpaka kitanda kizima kifunikwe. Wengine huwamba kwa kamba ya usumba, wengine kwa shupatu zilizosukwa. Hapo ndipo kitanda hiki kinapoachana na kitanda cha chaga. Kwenye kitanda cha chaga, uzito wa mlalaji huenda chini tu: chaga hubeba, mbao ya ubavuni hupokea, mguu hushusha sakafuni. Ndiyo sababu mbao ya ubavuni husimamishwa wima, nyembamba na ndefu kwenda juu, kwani mzigo wake una mwelekeo mmoja.

Kamba haifanyi hivyo. Kamba iliyolaliwa huvuta mifumbati kwa ndani, na nguvu ya mvuto huo ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Chukua kitanda cha upana wa sentimita 90 na mlalaji wa kilo 70. Tuseme kamba zimebonyea sentimita 8 katikati. Tukichukulia kwamba uzito wote uko kwenye mstari wa kati, kila mfumbati unabeba kilo 35 kwenda chini, lakini unavutwa kwa ndani kwa nguvu iliyo sawa na kilo 35 mara 45 gawanya kwa 8, yaani karibu kilo 197. Kamba zikilegea hadi kubonyea sentimita 16, mvuto huo unashuka hadi karibu kilo 98. Mtu akilala amenyooka uzito husambaa, na nguvu hupungua, ila uwiano unabaki uleule: kadiri kitanda kinavyokazwa ndivyo fremu inavyovutwa zaidi.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza umbo la mfumbati. Mti huo hautengenezwi kama ubao uliosimama wima. Hutengenezwa mraba au mviringo, mnene pande zote, kwa sababu unapindwa kwenda chini na kwenda ndani kwa wakati mmoja. Anayechukua mbao ya inchi moja kwa sita akaisimamisha wima, kisha akawamba kamba, atakuta mfumbati umejipinda kuelekea katikati mithili ya upinde. Mbao inaweza kuwa nzima kabisa. Kosa ni la umbo.

Kiungo kinachojikaza chenyewe

Kamba inapovuta mifumbati miwili ikaribiane, kinachoizuia ni vitakizo. Kila kitakizo kinakuwa mhimili uliobanwa kati ya matendegu mawili. Kamba za urefu nazo huvuta vitakizo, na hapo mifumbati ndiyo inayobanwa. Kwa hiyo kila ulimi unasukumwa ndani ya tundu lake, na mabega ya ulimi yanagandamizwa kwenye uso wa tendegu. Kamba ikikazwa, kiungo kinakazwa. Gundi haihitajiki, wala msumari. Unaweza kukata kamba, ukachomoa vipande vinane, ukavihamisha kwa jahazi au kwa pikipiki, na kukisimamisha kitanda mahali pengine kikiwa imara kama awali.

Lakini kuna mambo matatu ambayo fundi mwanagenzi hupaswa kuyashika, la sivyo kitanda kitayumba.

La kwanza ni umbo la tundu. Kamba huzunguka mfumbati, na mvuto wake hauko katikati ya mti bali juu yake. Matokeo yake mfumbati hutaka kujizungusha. Ulimi wa mviringo ndani ya tundu la keekee utazunguka, na kamba zitalegea. Ulimi wa mraba au wa mstatili hauzunguki. Toboa kwa keekee kupunguza kazi, kisha maliza kwa patasi mpaka pembe za tundu ziwe kamili.

La pili ni nafasi ya matundu. Ndimi mbili zikiingia tendegu moja kwa kimo kimoja, zitakutana katikati. Ama ufupishe mmoja, ama ukate ncha zote mbili kwa mshazari zikutane, ama ushushe tundu la kitakizo chini kidogo ya lile la mfumbati. Kwa anayejifunza, njia ya tatu ni salama zaidi: kila ulimi unabaki mrefu, na tendegu halitobolewi likabaki ganda. Acha mbao ya kutosha juu ya tundu la juu, kwa maana tendegu hupasukia hapo kwanza.

La tatu ni mabega. Bega lisilonyooka hugusa tendegu kwa nukta moja. Mvuto wote huishia kwenye nukta hiyo, mbao inabonyea, kiungo kinacheza. Weka skwea kila upande, chora kwa ncha ya kisu badala ya penseli, kata kwa msumeno wa meno madogo, kisha jaribu: ulimi uingie kwa kugongwa kwa mkono, na mwanga usipenye kati ya bega na mguu. Saa utakayoitumia hapo ina faida kuliko siku nzima ya kupiga msasa.

Kamba nayo ichaguliwe kwa akili. Usumba hunyumbuka na kuvumilia unyevu wa pwani. Katani haivutiki sana, lakini hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo hudai kukazwa upya. Manila ya plastiki ni rahisi kupata na hainyonyi maji, ila jua huila, na vifundo vyake huteleza. Mafundi wa charpai, kitanda cha kamba cha Bara Hindi, hawawambi hadi mwisho: huacha nafasi upande wa miguuni, wakaunganisha wambo na kitakizo kwa kamba moja ya kukazia. Kitanda kikilegea, hukazwa hapo tu bila kufumua kitu. Mpangilio huo unafaa sana kwa kitanda cha nyumbani.

Kiti cha enzi na kigoda

Aliyeelewa kitanda amekaribia kukielewa kiti cha enzi, samani ya heshima ya miji ya Lamu, Pate na Siyu katika karne ya 19. Kiti hicho hutengenezwa kwa mbao nyeusi, hupambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, na mgongo wake hujazwa wavu wa nyuzi. James de Vere Allen, aliyewahi kusimamia Makumbusho ya Lamu, alikiandikia makala ndefu katika jarida la African Arts mwaka 1989. Kwa jicho la fundi, mgongo wa kiti hicho ni vitanda vidogo vya kamba vilivyopangwa pamoja: fremu za vijiti vilivyonyooka, matundu madogo yaliyotobolewa kwa mpangilio, na uzi unaovuta fremu zijibane. Karibu hakuna mkunjo mahali popote. Fundi anaweza kutumia vipande vifupi vilivyonyooka, na hilo ni jambo kubwa kwa mbao ya mpingo, mti ambao mara nyingi hukua umepinda na kutoa mbao fupi.

Kigoda cha kipande kimoja, ambacho wachongaji wa uwanda wa Makonde wanakimudu, ni shule nyingine kabisa. Hakina kiungo hata kimoja. Tezo huondoa kisichotakiwa, na kinachobaki ndicho kigoda. Adui hapo ni mpasuko. Gogo hunywea zaidi kwa kuizunguka pete ya mti kuliko kuelekea moyoni, karibu mara mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayolipasua. Kwa hiyo epuka kuuacha moyo wa mti katikati ya kikalio, chonga gogo likingali bichi ili lisiwe nene kupita kiasi, paka nta kwenye ncha, kisha lianike kivulini kwa subira. Jua la mchana la Mtwara litakuharibia kazi kwa siku moja.

Mbao gani, kutoka wapi

Kwa kitanda cha kamba, chagua mninga. Ukikauka hautanuki wala kunywea sana hewa ikibadilika, na kando ya bahari hiyo ni sifa ya kwanza. Patasi huupenda, na uzito wake ni wastani. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, mzuri kwa matendegu. Mtiki wa mashambani unafaa pia, na kuununua kunaupumzisha msitu wa asili.

Mpingo uachie nakshi na vipande vidogo. Mbao yake huzama majini, huchosha patasi, na mti wenyewe hukua polepole mno. Tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa husimamiwa kwa vibali. Ukiuhitaji, ulizia unaotoka kwenye misitu ya vijiji inayovunwa kwa utaratibu. Vijiji vya Kilwa, kwa msaada wa shirika la MCDI, vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009. Mikoko usiiguse. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, inailinda kwa sababu ndiyo mazalia ya samaki wetu.

Bandari yetu, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea na leo inayosifika kwa korosho, huleta pia paleti pamoja na mizigo. Mbao zake zinamfaa mwanagenzi wa kujifunza ulimi na tundu. Kabla ya kuzikata, soma muhuri. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30, hizo zinatumika. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Hizo usizilalie wala usizichome. Zisizo na muhuri, au zenye madoa ya mafuta na kemikali, ziache.

Uamuzi wangu ni huu: mpenda useremala wa Mtwara asianze kwa kuiga picha za Denmark, wala kwa kabati la plaiwudi. Aanze na kitanda cha kamba cha mninga, futi tatu kwa sita, chenye ndimi za mraba na mabega yaliyonyooka. Na kabla ya kununua mbao, atafute kitanda kimoja cha zamani kwa wazee wa Mikindani au Msimbati, aombe ruhusa, apime kila kipande, achore mahali pa kila tundu na aiandike njia ya kuwamba. Vitanda hivyo vinaoza uani na kuishia kuni. Chukua futi, daftari na kalamu, ukavipime mwaka huu.