Gurudumu Liishe, Pini Ibaki

Nyasi za Kikuyu ni mtihani kwa mashine yoyote. Asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki, zikapelekwa Australia, Afrika Kusini na California, na kila zilikofika zimejulikana kwa tabia ileile: hutambaa, hufumana, hupanda tabaka juu ya tabaka mpaka mguu unabonyea ukizikanyaga. Juu ni kijani, chini ni vikonyo vikavu vya hudhurungi. Kisu kikishuka kidogo tu kupita kiasi, kijani chote kinaondoka na uwanja unabaki na kipara. Hapa Gilgil, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, nyasi hizo zimetanda katika viwanja vya shule na nyua za nyumba za zamani. Na katika mabanda ya nyuma utakuta trekta dogo la kukatia nyasi lililoletwa kutoka ng'ambo miaka mingi iliyopita, injini yake bado inaitika, ila magurudumu ya deki yamekwisha.

Nataka kumsifu fundi anayejua kuyachagua magurudumu hayo.

Deki ni lile gamba la bati linaloning'inia chini ya tumbo la trekta, visu vikizunguka ndani yake. Magurudumu yaliyo pembeni mwake ni madogo, mengi yana kipenyo cha inchi 5 hivi, na watu wengi hudhani kazi yake ni kuibeba deki. Katika matrekta mengi ya aina hii sivyo. Deki hubebwa na vyuma vinavyoishikilia kwenye fremu. Mahali tambarare gurudumu halitakiwi kugusa chini. Linakaa juu ya ardhi kwa milimita 6 hadi 12, likingoja. Likija tuta la fuko au mzizi wa mti, hapo ndipo linagusa na kuinua ukingo wa deki kabla kisu hakijachimba udongo. Asiyejua hili hutafuta gurudumu kubwa na zito, akalishusha mpaka chini, na baada ya muda huletewa deki yenye ufa pale pale kishikio cha gurudumu kilipochomelewa.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi na gurudumu. Mteja humletea kipande cha plastiki kilichochakaa, tundu limepanuka upande mmoja.

"Fundi, nitafutie kama hili."

"Hili limeshalika, mzee, litanidanganya. Niletee deki yenyewe."

Deki ikifika, hutoa kipimio cha venia akapima pini ambayo gurudumu huzungukia, mahali ambapo haijalika, karibu na kichwa. Hupima nafasi ya kishikio na urefu wa kitovu. Huangalia pia kitovu kimeegemea upande gani, kwa kuwa magurudumu mengine kitovu chake kiko katikati na mengine kimesogezwa kando. Likifungwa kinyume, gurudumu hukwaruza gamba la deki siku nzima. Kisha huja taabu ya inchi na milimita. Mashine za Marekani zilitobolewa kwa inchi, na bolti nyingi za madukani kwetu ni za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, bolti ya 12 ikiingia humo inacheza kwa milimita 0.7, na mchezo huo haupungui, unakua. Sehemu tano kati ya nane za inchi ni karibu milimita 15.9, bolti ya 16 inagoma kuingia, na mwenye haraka hushika kekee akapanua tundu la kishikio. Tundu likishapanuliwa halirudi.

Linalonivutia kuliko yote ni bomba. Gurudumu halipaswi kuzungukia meno ya bolti, maana meno hulisaga. Pini za kiwandani zina shingo laini kwa kazi hiyo. Zikikosekana, fundi hukata kipande cha bomba la chuma, akakikereza kiingie ndani ya kitovu bila kulegea, na akakiacha kirefu kuliko kitovu kwa nusu milimita hivi. Nati ikikazwa kwa nguvu zote, inabana bomba. Gurudumu linabaki huru, ukiligusa kwa kidole linazunguka. Kazi yote ya mashine ya kukereza imelala katika nusu milimita hiyo.

Baada ya hapo ndipo nyenzo. Chuma hudumu, lakini kinakula pini na kikigonga jiwe kinapeleka pigo lote kwenye deki. Mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu ni rahisi kupata, ila ni vigumu kuuchonga ukawa mviringo kamili. Nailoni inayouzwa kwa vipande vya mviringo inanishawishi zaidi: haishiki kutu, huvumilia mapigo, na huteleza juu ya chuma hata bila grisi. Grisi yenyewe hapa inataka hadhari. Udongo wetu umejaa majivu ya volkano, na huko Kariandusi, kando ya barabara ya Nakuru, huchimbwa dayatomaiti, unga mweupe wa magamba ya silika ya mwani wa ziwa la kale. Vumbi la namna hiyo likichanganyika na grisi linasaga chuma taratibu. (Kariandusi hiyo hiyo ndiko mwanaakiolojia Louis Leakey alikofukua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920, mengine yakiwa ya obsidiani. Kuteua nyenzo kwa ajili ya kazi si jambo geni katika Bonde hili la Ufa.)

Kila kinachosuguana kitakwisha, na fundi ndiye huamua kipi kitangulie. Nailoni ni laini kuliko pini, kwa hiyo nailoni itaisha kwanza, na kipande kingine kitakerezwa kwa bei nafuu. Pini ikiisha, gharama inapanda. Kishikio kikipasuka, unatafuta deki ambayo pengine haitengenezwi tena popote.

Kufunga kuna utaratibu wake: waya wa plagi uchomolewe kwanza, upepo wa matairi uwe sawa pande zote, trekta lisimame juu ya saruji, deki iwekwe kwenye kimo itakachokatia. Anayepima matairi yakiwa na upepo tofauti anajipimia uongo.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoeneza ulimwenguni mjadala wa sekta isiyo rasmi, na tangu hapo mafundi wa jua kali, yaani wa sekta hiyo, husifiwa kwa wingi wao na ajira wanazotoa. Usahihi wa mikono yao hausifiwi vya kutosha. Basi ukiwa na trekta la aina hii, mpelekee fundi deki nzima pamoja na pini zake, usimharakishe, na saa anayotumia kupima ilipe sawa na saa anayotumia kukereza.