Kuutambua Usafishaji Bora wa Njia ya Kupumulia Injini Kuukuu

Kila injini ya pistoni hupitisha kiasi cha gesi ya mwako pembeni mwa ringi hadi kwenye sampu. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji, tindikali na petroli isiyoungua. Ikikosa njia ya kutokea, huchafua oili na kuisukuma ipenye kwenye sili. Injini za zamani ziliimwaga nje kupitia bomba lililoelekea chini. Kuanzia magari ya 1961 yaliyouzwa California, gesi ilirudishwa kwenye manifoldi ikaungue, ikipimwa na vali ndogo ya PCV, na utaratibu huo ukaenea duniani.

Arusha mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari linalotoka Sakina au Njiro kwenda mjini na kuzimwa halipati joto la kukausha mvuke. Chini ya kifuniko cha oili hujengeka rojo la manjano kama mtindi. Magari ya utalii yana adha nyingine: eakilina iliyojaa vumbi huongeza mvuto, na oili hunyonywa kupitia mpira wa kupumulia.

Kazi bora huanza kabla ya spana kushikwa. Injini ya petroli ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, kipande cha karatasi huwekwa juu ya tundu la oili. Kikivutwa taratibu, njia iko wazi; kikirushwa, ama njia imeziba ama ringi zimekwisha. Dizeli nyingi za zamani hazina vali ya PCV, hivyo pumzi ndogo kwenye tundu hilo si ugonjwa. Anayetumia geji ya mvuto akumbuke kwamba usomaji hupungua takriban inchi 1 ya zebaki kwa kila mita 300 za kupanda. Injini nzima itaonyesha Arusha inchi nne hadi tano pungufu ya Dar es Salaam.

Vali ya PCV ikitikiswa hugonga, lakini mlio pekee hauthibitishi uzima, kwani springi iliyolegea nayo hugonga. Ikipulizwa upande wa injini hupitisha hewa, na upande wa manifoldi hukaza. Mara nyingi vali mpya ni nafuu kuliko kubahatisha, mradi iwe ya injini hiyohiyo. Inayofanana kwa umbo tu huweza kuvuta hewa kupita kiasi na kuyumbisha sailensa.

Kipimo cha umakini wa fundi ni sehemu zisizoonekana. Vyuma husafishwa kwa kabureta klina. Mipira huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu ikilowekwa kwenye petroli huvimba na kulainika. Tapeti kava hufunguliwa, na bati la kuzuia oili lililo ndani yake hukwanguliwa utando mweusi. Fundi wa juujuu huishia kwenye mpira wa nje. Kila kitu hukaushwa kabisa kabla ya kufungwa.

Mpira mbadala uwe wa kuhimili oili na usiobonyea. Mpira wa maji hulainika kwa oili, kisha hujikunja na kuziba njia ileile iliyosafishwa. Kazi mbovu kuliko zote ni kuukata mpira na kuuacha uning'inie chini ya gari: injini inapopoa huvuta hewa ndani, na hewa hiyo ni ya vumbi.

Baada ya kazi, jaribio la karatasi hurudiwa. Kidole kikiziba mdomo wa vali husikia mvuto, na mlio wa injini hubadilika kidogo. Siku chache baadaye sili zibaki kavu na eakilina isiwe na oili. Karatasi ikiendelea kurushwa ilhali njia ni safi, usafishaji umefika mwisho wake. Hapo hupimwa mgandamizo wa kila silinda ili kujua hali ya ringi.