Machozi ya Casablanca

Filamu ya Casablanca, iliyoongozwa na Michael Curtiz na kuonyeshwa kwanza mjini New York mwezi wa Novemba 1942, ingali na watazamaji wake. Kisa chenyewe si kipya: Rick, mwenye mkahawa, anakutana tena na Ilsa aliyempenda Paris, kumbe bibi huyo ni mke wa Laszlo, anayewindwa na Wanazi. Mwishowe Rick anamwachia Ilsa aondoke na mumewe. Wengi husema kwamba kujinyima huko ndiko kunakotuvuta. Sikubaliani nao kabisa.

Tuangalie pale maofisa wa Kijerumani wanapoimba mkahawani, na Laszlo akaiamuru bendi ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wateja wanainuka, sauti zao zinawameza Wajerumani, naye Yvonne anaimba huku machozi yakimlengalenga. Madeleine Lebeau, aliyeigiza Yvonne, aliikimbia Ufaransa mwaka 1940. Na wengi waliomzunguka walikuwa wakimbizi kama yeye. Hata Conrad Veidt, aliyekuwa Meja Strasser, alikuwa Mjerumani aliyewakimbia Wanazi. Uchungu wa namna hiyo mwongozaji hawezi kuufundisha.

Hata hivyo filamu hii, iliyopigwa California, ina upofu wake. Moroko wakati huo ilitawaliwa na Ufaransa hiyo hiyo inayoimbiwa uhuru. Wamoroko wenyewe tunawaona kwa mbali tu, sokoni na njiani. Wimbo unarindima nyumbani mwao, wala hapana anayemwuliza mwenye nyumba anausikiaje.