Bibo, Korosho na Mchoro wa Ubaoni: Uhakiki wa Ujifunzaji wa Mimea katika Elimu ya Awali, Masasi na Newala

Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 uliutaja utunzaji wa mazingira miongoni mwa umahiri aliopaswa kujengewa mtoto. Uhakiki huu unadai kwamba umahiri huo haujengeki kwa mmea wa mchoroni pekee. Mchoro uliozoeleka huonesha mbegu ndani ya tunda, na mmea mpya ukichipua kutokana na mbegu. Mtoto wa Masasi au Newala huona korosho ikining'inia nje ya bibo, na muhogo ukipandwa kwa pingili za shina. Kibotania mchoro haukosei kuhusu mbegu: bibo ni kikonyo kilichovimba, na tunda halisi ni korosho yenyewe. Hata hivyo, mtoto asiyepewa nafasi ya kushika, kupasua na kulinganisha hubaki akiamini kuwa ama ubao umekosea, ama macho yake.

Bustani ya mboga, inayopendekezwa mara nyingi kuwa suluhisho, hudai umwagiliaji, ilhali Uwanda wa Makonde una uhaba mkubwa wa maji. Mkorosho huchanua wakati wa kiangazi bila kumwagiliwa. Tahadhari ni moja: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, hivyo mwalimu ndiye apasue korosho, watoto wachunguze ua, jani na bibo. Kwa msingi huo, ubora wa somo upimwe kwa maswali ambayo mtoto anauliza mbele ya mmea, kabla ya majina anayoyakariri.