Kukengeuka, kukengeushwa na kupotoshwa: nani kamtoa nani njiani?

Majuzi nilihudhuria mazishi kijijini. Mwanasiasa mmoja aliposimama kuwapa pole wafiwa, kijana fulani alimuuliza ni kwa nini zahanati ya hapo haina dawa. Mheshimiwa akageukia umati: "Jamani, msikubali kukengeushwa na maendeleo yetu! Juzi tu tumewawekea lami." Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki nikiitafakari sentensi yake.

Kukengeuka ni kuiacha njia au nia uliyokuwa ukiifuata. Kumfanya mwingine aiache ni kumkengeusha. Sauti 'k' ya vitenzi vya namna hii hugeuka 'sh' katika kauli ya kutendesha, kama ilivyo katika amka na amsha, shuka na shusha, potoka na potosha.

Kosa la mheshimiwa limo katika neno 'na'. Baada ya kitenzi cha kutendwa, 'na' humtambulisha mtenda. Aliyeumwa na nyoka ameumwa na nani? Nyoka! Basi waliokengeushwa na maendeleo wametolewa njiani na maendeleo yenyewe. Walimu nao huwaambia watahiniwa, "Msikengeushwe na lengo lenu," ilhali lengo ndilo wanalopaswa kuling'ang'ania. Ifaavyo ni: "Msikengeushwe kutoka kwenye lengo lenu," au kwa wepesi zaidi, "Msiliache lengo lenu."

Aidha, vyombo vyetu vya habari hupenda kuarifu kwamba "mjadala umekengeuka". Sarufi haina ubishi na sentensi hiyo, ila inamficha mtenda, kana kwamba mjadala una miguu na umejiendea wenyewe. Tukisema "umekengeushwa", msomaji ana haki ya kuuliza: na nani?

Wapo pia wanaodhani kuwa kukengeusha na kupotosha ni mamoja. La hasha! Anayekupotosha hukufanya uamini jambo lisilo kweli. Anayekukengeusha anaweza kukuambia kweli tupu, mradi tu si ile uliyoiulizia. Lami aliyoitaja mheshimiwa ipo. Mimi mwenyewe niliipitia nikienda msibani. Kwa hiyo hakumpotosha mtu. Lakini swali lilihusu dawa, naye akajibu kuhusu barabara. Huko ndiko kukengeusha!

Ajabu ni kwamba aliyelalamikia kukengeushwa ndiye aliyekuwa akikengeusha. Neno hili halina maana pasipo njia inayojulikana. Kabla ya kumshutumu mwenzako kwa kukukengeusha, sharti kwanza uonyeshe mlikokuwa mkielekea. Kijana yule alikuwa ameshaionyesha njia: zahanati na dawa zake. Hadi tulipotawanyika, hakuna aliyekuwa amemjibu.