Ndia Zilizolika Haziponywi na Kompyuta

Kabla ya magari kuenea Mombasa, wenye nafasi zao walipita barabara ya Ndia Kuu wakiwa wamekaa kwenye troli: benchi lenye paa, magurudumu manne ya chuma, na watu wa kulisukuma nyuma. Reli zake hazikuletwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilianza mwaka 1890 kujenga reli nyembamba, ya upana wa futi 2, iliyokusudiwa kupanda bara. Zikalazwa maili chache tu, mradi ukafa, na Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ikachagua upana wa mita 1. Chuma cha mradi uliokufa kikahamia barabarani. Nguvu ya kukokota ikawa misuli ya binadamu, na kazi ikaenda kwa miaka mingi, maana chuma chenyewe hakikuwa na kasoro. Fundi wa leo anayetaka kufufua mashine ya milingi ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya miaka ya 1980 anafanya jambo lile lile: anabakiza chuma, anabadilisha kinachokiendesha. Ila wengi huanza na swali la pili. Hujadili wiki nzima kontrola ipi wafunge, kumbe hawajapima kama chuma kimenyooka.

Kazi yenyewe si ujanja wa mwenye kukosa pesa. Mashine ya kwanza ya milingi kuongozwa kwa namba, iliyooneshwa na chuo cha MIT nchini Marekani mwezi Septemba 1952, haikuundwa upya. Ilikuwa Cincinnati Hydro-Tel ya kawaida, iliyovuliwa uongozi wake na kufungiwa kabati la umeme lenye karibu valvu 300, likisoma utepe wa karatasi uliotobolewa. Wazo lilitoka kwa John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akihangaika na mapanga ya helikopta. Kabati lile la valvu lilipitwa na wakati upesi, wakati chuma cha kusubu cha mashine za enzi ile kiliendelea kukata. Tangu hapo pengo limezidi: chuma huhesabu umri wake kwa miongo, elektroniki kwa miaka. Katika miaka ya 1990 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, iliandika programu ya kuongoza mashine na kuijaribu katika kiwanda cha General Motors huko Pontiac. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali, ilikuwa huru kwa kila mtu, na wapenzi wa mashine waliiendeleza hadi ikawa LinuxCNC, jina inalotumia tangu 2011. Kwa hiyo ubongo wa mashine, uliokuwa sehemu ghali kuliko zote, leo waweza kupatikana bure na kukaa ndani ya kompyuta ya mezani.

Ndani ya kabati la mashine kuukuu mna tabaka mbili, na wanunuzi huzichanganya. Ya juu ni kontrola: skrini, kumbukumbu inayoishi kwa betri, bodi zenye kapasita zilizokauka. Ya chini ni draivu na mota. Katika mashine nyingi za servo za zama zile, ya juu huiamuru ya chini kwa lugha nyepesi mno, yaani umeme wa kati ya volti hasi 10 na chanya 10. Sufuri ni simama, 10 ni kasi yote upande mmoja, hasi 10 ni kasi yote upande wa pili. Fundi anaweza kung'oa kontrola nzima, akaacha draivu na mota kama bado ni nzima, na kadi mpya ikatoa volti zile zile. Jicho la mfumo ni enkoda iliyo nyuma ya mota. Ikiwa na mistari 1,000, na kila mstari ukihesabiwa mara nne, mzunguko mmoja hutoa alama 4,000. Skrubu ikisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila alama ni milimita 0.00125. Mara 1,000 kwa sekunde programu hutazama meza iko wapi, hulinganisha na pale ilipotakiwa iwe, kisha hurekebisha volti. Hatari nayo imo humo humo. Waya za enkoda zikifungwa kinyume, kila rekebisho huongeza kosa, na meza hukimbia hadi igonge. Ndiyo maana jaribio la kwanza hufanywa mota ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye skrubu, na kitufe chekundu hukata umeme wa draivu kwa kontakta, bila kuiomba kompyuta ruhusa.

Atakuwapo wa kuuliza: kwa nini taabu yote hiyo, na mashine mpya ndogo za China zinashuka bandari ya Kilindini kila siku? Kwa mchonga milango ya mbao hoja hiyo ina nguvu. Fremu nyepesi ya alumini inaweza kuchora maua juu ya msaji bila shida. Lakini chuma cha pua hukisukuma kisu, na fremu nyepesi hutetemeka. Uzito wa karibu tani moja katika mashine ya zamani ndio unaomeza mtetemo. Isitoshe, karakana za Mombasa hazitengenezi vipuri 10,000 vya aina moja. Leo ni bushi ya shafti ya boti, kesho ni gia ya winchi. Mwenye kiwanda kinachokata usiku na mchana anunue mpya, yenye kampuni ya kumjibu ikiharibika. Kila saa ya kusimama inamgharimu. Hata umeme, ambao hutajwa kama kikwazo, hauzuii. Mota ya Marekani iliyozoea mizunguko 60 kwa sekunde itakwenda polepole kwa moja ya sita kwenye mizunguko 50 ya Kenya, na inveta moja hulimaliza hilo pamoja na ukosefu wa fezi tatu.

Ugumu uko chini ya meza. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia ni ndia, na mashine nayo ina ndia zake, reli za chuma ambazo meza huteleza juu yake. Haziliki sawasawa. Kazi nyingi hufanyika katikati ya meza, basi katikati ndiko kunakolika, na ncha hubaki karibu kama zilivyotoka kiwandani. Fundi akikaza kabari ili kuondoa ulegevu wa katikati, meza hukwama ikifika nchani. Akilegeza ili ifike nchani, katikati inayumba. Hakuna mota inayotibu hilo. Tiba ni kukwarua ncha kwa mkono, kidogo kidogo, kwa rangi ya buluu inayoonesha palipoinuka, na ni kazi ya siku nyingi. Skrubu nayo ina ugonjwa wake, unaoitwa mchezo: mota inageuka upande wa pili, meza haijasogea bado. Huonekana kwa geji ya saa yenye kitako cha sumaku. Sogeza meza mbele, rudisha, hesabu ni vistari vingapi mota ilizunguka bure.

Hapa ndipo watetezi wa programu huja na hoja yao iliyo bora. LinuxCNC, kama kontrola nyingi, hukuruhusu kuiambia mashine mchezo ni kiasi gani, nayo ikaongeza kiasi hicho kila inapogeuka. Kwa kutoboa mashimo inafaa, kwani meza hufika, ikatulia, ndipo biti ikashuka. Kwa kukata ni habari nyingine. Kisu kinachokata kikielekea upande inakokwenda meza huivuta, na meza yenye nafasi ya kucheza huruka ndani ya nafasi hiyo wakati wowote, si wakati wa kugeuka tu. Programu haioni mruko huo, kwa sababu enkoda iko kwenye mota na skrubu haikuzunguka. Skrubu ya gololi iliyokazwa kiwandani huondoa nafasi yenyewe, na ndiyo inayostahili shilingi ya kwanza ya bajeti, kabla ya mota na kabla ya skrini ya kugusa ambayo wateja huitamani. Kuhakikisha, kata duara la milimita 100 kwenye bamba la alumini, kisha pitisha ukucha ukingoni. Mchezo huacha vidonda vinne, juu, chini, kushoto na kulia, pale ambapo kila mhimili uligeuka. Ukucha ukinasa, mota mpya zirudi sandukuni na skrubu itolewe.