Elimu ya Kurambaza Nje ya Mwamba wa Mafia

Katika fani zote za uvuvi zinazofanywa kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, kurambaza, yaani kuvuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ndiyo fani inayomdai mvuvi ujuzi mwingi kuliko zote ilhali vifaa vyake ni vichache kuliko vya wenzake. Mvuvi wa dema hutega leo na kutegua kesho. Mvuvi wa nyavu huizungushia bahari uzi na kuuachia kazi. Mvuvi wa mshipi wa kina hutia nanga juu ya mwamba anaoujua, akashusha chubwi na kungoja. Mrambazaji hana pa kungojea. Samaki anaowatafuta, nguru, jodari, kolekole, mzia na sulisuli, hawakai mahali pamoja, na mvuvi hulazimika kuwafuata akiwa hajui wako wapi ila kwa ishara. Tena anapotumia chambo bandia, kisicho na nyama, damu wala harufu, huwa amejinyima kwa hiari karibu kila kishawishi ambacho wavuvi wengine hukitegemea, akabaki na kimoja tu, ambacho ni mwendo. Kuupa uhai uzi na manyoya kwa njia ya mwendo peke yake ni elimu kamili, na inastahili kuchunguzwa kwa heshima ile ile ambayo wanazuoni wamekwisha kuupa ujenzi wa majahazi na unajimu wa manahodha.

Pwani ya mashariki ya kisiwa cha Mafia, nchini Tanzania, ni mahali panapofaa kuitazama elimu hiyo ikiwa kazini. Kisiwa hicho kiko karibu kilomita 20 kutoka kwenye delta ya Rufiji, na pande zake mbili hazifanani hata kidogo: magharibi, kuelekea bara, bahari ni ya kina kifupi na hupokea maji ya mto yenye tope, na mashariki, nje ya mwamba, sakafu ya bahari hushuka upesi hadi kwenye kilindi cha Bahari ya Hindi. Kati ya kisiwa kikuu na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo kuna ghuba ya Chole, yenye maji ya utulivu, na njia yake kuu ya kutokea nje ni mlango wa Kinasi. Wakati wa bamvua, ambapo mwezi ni mpevu au mwandamo na maji hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa kuliko siku nyingine, maji mengi ya ghuba hupita katika mlango huo kwa nguvu ya kutisha, na mkondo unaotoka ukikutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama wima kana kwamba yamejengwa. Kwa hiyo safari ya kurambaza haianzi kwa kutweka tanga bali kwa hesabu ya maji: chombo hutakiwa kutoka maji yakiwa yamelegea au yakianza kupwa, na kurudi yakiwa yanajaa. Wakati wa maji mafu, yaani katikati ya bamvua mbili, hesabu huwa nyepesi kidogo.

Kuna pia hesabu ya mwaka. Kusi, pepo za kusini-mashariki zinazotawala kuanzia takriban Aprili hadi Oktoba, huzisukuma bahari kubwa moja kwa moja dhidi ya mwamba wa mashariki na kuwafungia wenye vyombo vidogo ndani ya ghuba kwa siku nyingi. Ni kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, pamoja na majira ya maleleji yanayoitangulia na kuifuata, ambapo upepo ni mdogo na hauna mwelekeo wa kudumu, yanayoifungua pwani ile kwa ngalawa.

Ngalawa yenyewe haipaswi kuchukuliwa kuwa kipando tu cha kumfikisha mvuvi kwenye samaki, kwa maana katika kurambaza chombo ni sehemu ya chambo. Mwili wake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi cha kutoweza kusimama peke yake majini. Linaloushikilia ni matengo, miti miwili inayokatiza juu yake na kutokeza pande zote mbili, na rengu, mbao zilizofungwa kwenye ncha za matengo na kugusa maji. Kwa upepo wa wastani chombo hiki hukata maili 4 hadi 6 za baharini kwa saa, mwendo unaomfaa nguru vizuri mno, na hukata bila kelele ya mashine. La maana zaidi ni kwamba mwendo wa tanga haulingani. Upepo unapopusa, ngalawa hupunguza mwendo na chambo huzama; unapoongezeka, chambo hupanda na kukimbia ghafla. Boti ya mashine huvuta chambo kwa mwendo wa aina moja kwa saa nzima, na dagaa halisi hawaendi hivyo hata siku moja. Mshika usukani hodari huiga tabia hiyo ya upepo hata pale upepo unapokuwa sawasawa: huipeleka ngalawa kwa kupinda huku na huku, na katika kila kona mshipi wa upande wa ndani hulegea na kuzama, huku ule wa nje ukikazwa na kuharakishwa. Wengi wa samaki wanaokula hula wakati wa mabadiliko hayo. Kwa sababu hiyo si haki kusema kwamba anayeshika mshipi ndiye mvuvi na anayeshika usukani ni msaidizi wake.

Chambo bandia cha mwambao huu, kwa jinsi kinavyotengenezwa na wavuvi wenyewe, ni kitu kidogo kinachoweza kudharauliwa na asiyekijua. Ndoana hufungwa manyoya meupe ya kuku, au nyuzi za kamba ya plastiki iliyofumuliwa, au vipande vyembamba vya mfuko unaomemeta, na mbele yake hutiwa kipande cha risasi ili kichwa kiwe kizito kuliko mkia. Kila sehemu ina sababu yake. Uzito wa mbele hukifanya chambo kiiname mwendo unapopungua na kuinuka unapoongezeka. Manyoya hujifunga yakivutwa na kujifungua yakiachiliwa, na katika maji kule kufumba na kufumbua huonekana kama pumzi. Kati ya ndoana na mshipi huwekwa waya mfupi, kwa kuwa meno ya nguru hukata nailoni mara moja. Lakini waya ukiwa mnene huukaza mwendo wa chambo, na ukiwa mwembamba hukatika, na mvuvi hulazimika kuchagua kati ya chambo kinachocheza na samaki anayefika chomboni.

Ukubwa ndio unaotangulia rangi. Samaki wawindaji huzoea kiwindwa cha majira, na wanapokula dagaa wa urefu wa kidole huweza kukipuuza kabisa chambo cha urefu wa kiganja, hata kikipita mbele ya macho yao. Rangi ina mipaka ambayo wauzaji wa vyambo hawaitaji: maji hunyonya mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine, kiasi kwamba baada ya mita chache tu wekundu hugeuka kijivu. Mwindaji anayekuja kutoka chini hukiona chambo kama kivuli cheusi dhidi ya uso wa bahari wenye mwanga, na kinachomwambia kwamba kivuli hicho kinaliwa ni umbo lake na namna kinavyotapatapa. Mng'ao nao una kazi yake. Magamba ya chuchunge na vibua hung'aa kwa sababu ya vipande vidogo vya fuwele ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga kama kioo, na samaki aliyeumia, anapolala ubavu, hutoa mmemeto usiotolewa na samaki mzima anayeogelea wima. Mbali na kuona, mwindaji husikia mtikisiko wa maji kwa mstari wa ubavuni, safu ya viungo vya hisi inayokwenda kutoka kichwani hadi mkiani. Chambo kizuri kwa hiyo ni madai kuhusu samaki mmoja maalumu: kwamba yuko hapa, ni mdogo, ameachwa na wenzake, na ameumia.

Madai hayo yamegunduliwa na watu waliokaa mbali sana wao kwa wao. Huko Finland, mwaka 1936, mvuvi maskini aitwaye Lauri Rapala alichonga chambo kwa kisu na kukifunika kwa karatasi za kung'aa za chokoleti, baada ya kuwatazama kwa muda mrefu samaki wakubwa wa ziwani na kutambua kwamba katika kundi zima walimrukia yule aliyeyumba. Katika visiwa vya Polynesia, karne nyingi kabla yake, wavuvi waliokuwa wakirambaza kwa mitumbwi walichonga vyambo vya lulumizi, yaani ganda la chaza wa lulu, wakavifunga ndoana ya mfupa au ya gamba la kasa, na nyuma yake wakatia kishungi cha manyoya au singa. Maji ya maziwa ya Finland ni baridi na hayana chumvi, wala hayana nguru. Hata hivyo alichokitafuta Rapala kwa kisu chake ndicho kinachotafutwa Jibondo kwa manyoya ya kuku.

Chambo kikiwa tayari, kazi inayosalia ni kukipeleka mahali panapostahili, na hapo ndipo mrambazaji huisoma bahari kwa uangalifu ambao msafiri wa kawaida hauoni. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, ukilishwa na mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, na unapokutana na ncha ya mwamba husukuma maji juu na kutengeneza mistari ya povu na majani inayoonekana kwa mbali. Dagaa hukusanyika kwenye mistari hiyo, na wanaowala hukaa pembeni yake. Membe ndio watoa habari wakuu: wakiruka juu kwa mstari ulionyooka, wanasafiri, wakizunguka na kutazama chini, wamewaona samaki walioko kwenye kina, wakijitupa majini mmoja baada ya mwingine, dagaa wamekwisha kusukumwa juu na jodari au sehewa wako chini yao. Nahodha asiyejua huipeleka ngalawa katikati ya kundi na kulitawanya. Anayejua hupita ukingoni, upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ili vyambo vyake vilivyo nyuma kwa mita 30 au zaidi vikatize mbele ya samaki wakati chombo chenyewe kiko mbali nao. Mahali panapojirudia huwekwa kumbukumbu kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mathalani mnazi mrefu na ncha ya kisiwa, na jozi mbili za alama hizo zinapokutana hutoa nukta moja baharini ambayo mtu huweza kuirudia mwakani.

Kumvuta samaki aliyekwisha kula ni sehemu inayosimuliwa sana, ingawa kwa kweli ndiyo yenye fikra chache. Mkono huachia samaki anapokimbia na kudai anapochoka, vidole vikiwa vimekingwa kwa mpira au kitambaa, na tanga hupunguzwa nguvu kwa kulegeza demani, kamba inayolidhibiti tanga, ili chombo kisipingane na mshipi.

Umri wa elimu hii hapa mwambaoni ni vigumu kuupima, kwa kuwa manyoya na nyuzi huoza. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea kinazungumzia kisiwa cha Menouthias, ambacho wanazuoni hukihusisha na Pemba, Unguja au Mafia, na kueleza kwamba wenyeji wake walikuwa na vyombo vya kushona na mitumbwi ya gogo, wakivua kwa vikapu walivyovitega kwenye mikondo, lakini hakitaji mshipi. Mifupa ya samaki iliyochimbuliwa katika miji ya kale ya Waswahili, ukiwemo Shanga katika kisiwa cha Pate, inaonyesha kwamba samaki wa ndani ya mwamba ndio walioliwa zaidi mwanzoni, na wale wa nje wakaongezeka baada ya milenia ya kwanza. Kutoka nje ya mwamba kulikuwa, basi, hatua iliyopigwa na watu ambao tayari walikuwa wameishi ufukweni kwa karne kadhaa, na ni vigumu kuwaza kwamba ingepigwa bila mtu kujifunza kuwafuata samaki wasiotulia.

Leo elimu hiyo imezungukwa na njia nyingine zinazoiharibu bahari yenyewe. Juya la kukokota hung'oa mimea ya chini, na baruti, ingawa imepigwa marufuku, imevunja miamba mingi ya Tanzania. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini na yenye eneo la kilomita za mraba 822, imegawa maji yake katika kanda, nyingine zikiwa hazivuliwi kabisa. Kurambaza hakugusi mwamba, hakuchukui wachanga, na huchukua samaki mmoja mmoja. Si kwamba hakuna madhara, kwani nguru mkubwa mara nyingi ni jike mwenye mayai, na soko la nguru halishibi. Ila kati ya mvuvi na bahari ni vigumu kupata mapatano yenye adabu zaidi. Kinachosikitisha ni kwamba elimu hii imeandikwa kidogo mno: vitabu vya uvuvi huorodhesha mshipi miongoni mwa zana, bila kueleza kwa nini mvuvi wa Jibondo alifupisha manyoya yake mwezi wa Januari.

Jibu huwa kwenye chambo chenyewe, nacho hukaguliwa kabla ya kurudishwa majini. Nguru huuma kwa kukata mkia wa kiwindwa kwanza ili kukizuia kukimbia, kisha hugeuka kumaliza, na manyoya yaliyokatwa sawasawa nyuma ya ndoana huonyesha kwamba alikuja, akauma, akakosa. Fundi huyafungua, akasogeza ndoana nyuma kwa upana wa kidole, akayafunga tena yakiwa mafupi, na kukitupa chambo upande ule ule wa chombo ili ajue kama kilichobadilika ni sahihi.